Ukurasa wa Kumi ni wa Mwenzangu

Shule anayosoma mjukuu wangu ina maktaba nzuri kuliko sebule yangu. Nasema hivyo bila wivu, maana sebule yangu huwa inaingia watu. Siku ilipozinduliwa tuliitwa wazazi wote, na sisi mabibi tunaokaa badala ya wazazi, tukapangwa mstari tukachungulie. Tukachungulia. Shelfu mpya za mbao, vitabu vimesimama wima kama askari wa gwaride, meza ina kitambaa cha kufuma, juu ya kitambaa maua ya plastiki, na pembeni lile tufe la dunia, bado liko kwenye nailoni yake. Mlangoni pamebandikwa karatasi: USIGUSE VITABU. Nikamwuliza mwalimu aliyesimama pale, sasa watoto watavisoma kwa kunusa? Akacheka kwa adabu, akasema utaratibu unaandaliwa.

Mjukuu wangu alikuwa darasa la kwanza. Alipofika la tatu utaratibu ulikuwa bado unaandaliwa.

Mie nakaa huku juu, njia ya kwenda Wazo, malori ya saruji yakipita unaifuta tena meza uliyoifuta sasa hivi. Tukaambiwa ndiyo sababu madirisha ya maktaba hayafunguliwi, vumbi linaharibu vitabu. Watoto nao wanaharibu zaidi, wana mikono, wana mafua, wanakula maembe mabichi na chumvi. Basi ikaonekana njia bora ya kuitunza maktaba ni kuifunga, na ufunguo akakaa nao mwalimu mkuu kwenye mkoba wake. Hayo sikuhadithiwa. Nauza maandazi na uji pale getini saa ya mapumziko, macho yangu yako palepale.

Mlango ulikuwa unafunguliwa wakija wageni. Waliingia, wakasifu, wakapigwa picha na tufe, wakasaini kitabu cha wageni. Katika vitabu vyote vya mle ndani, hicho peke yake ndicho kilichokuwa kimechakaa.

Mtoto huyu nimemlea tangu alipoacha ziwa. Mama yake, binti yangu, anashona Tabata na huja kutuona Jumapili. Akiniuliza mtoto anaendeleaje nilikuwaga namjibu anaendelea vizuri, anasoma. Jioni namwona kashika daftari, midomo inacheza. Mie mwenyewe shule niliiachia darasa la tatu, kusoma nikaja kumalizia ngumbaru, kile kisomo cha jioni cha watu wazima, nikiwa na mama yake mgongoni. Kwa hiyo nikiona midomo inacheza juu ya daftari, nilijua mtu anasoma. Kumbe hata mbuzi midomo yake inacheza.

Muhula mmoja ikatangazwa kwamba wanakuja wageni wakubwa, na watoto kadhaa wa darasa la tatu watawasomea hadithi mle maktaba. Mjukuu wangu akachaguliwa. Nilimshonea sketi mpya. Nikaenda kwa jirani yangu ambaye mwanawe hakuchaguliwa, nikakaa sana.

Kila siku baada ya vipindi waliingizwa maktaba wakafanya mazoezi, wamenawa mikono mpaka kwenye viwiko kama madaktari. Ijumaa moja kabla ya ugeni wakaruhusiwa kila mmoja aje na kitabu nyumbani, kimefungwa kwenye mfuko, na mlezi asaini kwamba amekipokea kikiwa kizima. Nikasaini. Nikanawa na mie. Nikakaa kwenye mkeka, nikamwambia haya, nisomee.

Akafungua moja kwa moja ukurasa wa tisa. Kuku amefika sokoni, amemkuta kunguru ameketi juu ya mizani na hataki kushuka. Alisoma, jamani. Penye mkato akapumzika, penye kiulizo akapandisha sauti, kunguru kampa sauti yake ya kunguru. Mie ambaye huwa sisifii watu ovyo, nilimpigia makofi peke yangu pale mkekani.

Alipofika mwisho nikamwuliza, haya, kunguru akajibu nini?

"Sijui, bibi."

"Si ufunue."

Akaniangalia kama mtu anayeambiwa akaibe.

"Ukurasa wa kumi ni wa mwenzangu."

Nikauliza na huyo kuku sokoni alifuata nini. Akasema hiyo ipo ukurasa wa nane, nayo ni ya mtoto wa kule nyuma ya msikiti. Ukitaka hadithi nzima ya kuku, basi, zunguka mitaa minne ukiwakusanya watoto.

Nikafunua mwenyewe, nikampa. Akatazama. Macho yakakimbilia kwenye picha. Nikarudi ukurasa wa tisa, nikaweka kidole juu ya neno moja katikati, nikamwuliza hili nini. Akaanza kule juu kabisa, midomo inacheza, anatembea nalo neno kwa neno mpaka kidole kilipo. "Mizani," akasema. Na kweli ilikuwa mizani. Hivyo ndivyo alivyokuwa anasoma, kwa kuhesabu hatua, kama mtu anayekijua chumba chake taa zikiwa zimezimwa. Umtie chumba cha jirani, atagonga ukuta.

Mwakani ni mtihani wa darasa la nne, na anayefeli anarudia. Hilo halikuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba miaka mitatu nimekaa pale getini na maandazi yangu, najua nani hajanawa na nani kamwibia mwenziwe penseli, na sijui kwamba wangu hajui kusoma.

Jumatatu nikaenda ofisini. Mwalimu mkuu ni mama mwenye heshima zake, angeweza kuwa mwanangu. Akanipa shikamoo, akanipa kiti. Nikamweleza. Hakukataa, na hilo nampa. Alisema darasa moja watoto wamejaa mpaka dirishani, mwalimu akiuliza wanaitikia wote kwa pamoja, asiyejua anaitikia na wanaojua, utamjuaje. Nikamwambia basi fungua maktaba wakae na vitabu, mmojammoja atajulikana.

"Bibi, vile vitabu nimevisaini mimi," akasema. "Kikichanika kimoja naandika maelezo mpaka mkono uume."

"Na mtoto asiyejua kusoma, yeye umemsaini wapi?"

Akapanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Akasema tupitishe wageni kwanza. Huku kwetu kila kitu hupitishiwa wageni kwanza. Kisha, kwa kuwa ni mtu anayejua kazi yake, akaniomba niandae maandazi ya ugeni, na niwe ndiye wa kutoa neno la shukrani kwa niaba ya wazazi. Maneno yenyewe akaniandikia kwenye kikaratasi.

Nyumbani mtoto alishajua nilikokwenda. Nilikuwa nakanda unga, akasimama nyuma yangu.

"Bibi, usiseme mbele ya wageni."

Sikumjibu. Kutojibu kwangu yeye akakuhesabu kuwa nimekubali, na mie nikamwacha ahesabu hivyo. Hilo ni kosa langu, na sijamwachia mtu mwingine alibebe.

Siku ya wageni, madirisha yalifunguliwa. Vumbi, nadhani, lilikuwa limepewa taarifa likae mbali. Tufe lilivuliwa nailoni. Ile karatasi ya mlangoni ilibanduliwa, ikabaki alama ya gundi. Mgeni mkubwa alikuwa mama wa makamo, mrefu, miwani yake inaning'inia kwenye uzi shingoni. Wenziwe walipiga picha. Yeye alikaa kwenye kile kistuli cha watoto, magoti juu, akasikiliza.

Wakasoma. Ukurasa wa sita, wa saba, wa nane. Mjukuu wangu akasimama na sketi yake mpya, akawasomea wageni kuku na kunguru wake, nao wakacheka pale pa kuchekea. Mwenziwe, mtoto mmoja wa kike mwenye pengo, akapokea wa kumi. Walipomaliza makofi yakapigwa mpaka yale maua ya plastiki yakatikisika. Mwalimu mkuu akasema sasa tumpe nafasi bibi yetu, kwa niaba ya wazazi.

Nilikuwa na sinia mkononi. Nikaliweka. Kikaratasi nilikuwa nacho, nakumbuka kilianza na "Tunayo furaha isiyo na kifani". Nikamtazama mtoto. Alikuwa ananitazama na yeye, mikono ameifunga nyuma.

Ningeweza kusoma kile kikaratasi. Wageni wangekula, wangesaini, mlango ungefungwa, na mwakani wangechaguliwa wengine, wagawiwe kurasa.

"Maandazi ni ya moto, karibuni," nikasema. "Nina ombi moja tu. Naomba watoto wabadilishane kurasa."

Mwalimu mkuu alitabasamu kwa meno tu. Yule mgeni akasema, kwa upole, hiyo ni fikra nzuri, akampa mjukuu wangu kitabu kikiwa kimefunguliwa ukurasa wa kumi.

Akakishika vizuri, kama alivyofundishwa. Akavuta pumzi. Akasoma. Kuku amefika sokoni, amemkuta kunguru ameketi juu ya mizani. Mkato akapumzika, kiulizo akapandisha. Alisoma ukurasa wa tisa wote, neno kwa neno, macho yake yakitembea juu ya ukurasa wa kumi, kutoka kushoto kwenda kulia, bila kukosea hata kidogo.

Waliokaa mbali wakataka kupiga makofi. Yule mama alikuwa amevaa miwani, amesimama nyuma ya bega lake, kidole chake kilianza kufuata mistari kisha kikasimama. Alisubiri mtoto amalize, akamshukuru, akakifunga kitabu taratibu. Kisha akaenda kwenye kitabu cha wageni, akaandika, wakaondoka. Maandazi waliyala, hilo nisiwasingizie.

Mwalimu mkuu alikiendea kile kitabu kabla gari halijatoka getini. Alisoma, akanigeuzia nisome. Yule mama alikuwa ameandika kwamba maktaba ni nzuri, na kwamba atarudi mwezi ujao, na anataka kukuta vitabu vimechafuka.

"Bibi, umenivua nguo," mwalimu mkuu akasema. Nikamwambia sote tumevuliwa, angalau yeye ana ofisi ya kujifichia. Akafungua mkoba, akatoa ufunguo, akaniwekea kwenye sinia tupu. Walimu wake hawana nafasi mchana, akasema, na mie ndiye niliyeyataka, basi nikae nao watoto baada ya vipindi mpaka saa kumi. Alidhani ananikomoa. Inawezekana hata alikuwa ananikomoa kweli.

Mjukuu wangu alinyamaza siku tatu. Aliniamkia shikamoo asubuhi, kwa kuwa nimemlea, basi. Maji akachota, vyombo akaosha, akilala ananipa mgongo. Siku ya nne akasema, akiwa bado amenipa mgongo, kwamba ningemwambia yeye kwanza. Nikasema kweli. Mie neno hilo huwa silitoi mara mbili kwa mwaka.

Pale maktaba niliweka ndoo ya maji na kipande cha sabuni mlangoni, nikafungua madirisha. Vumbi likaingia, vitabu havikufa. Sheria ilikuwa moja: hakuna kusoma ukurasa wako. Ulichokariri kiache nje na viatu. Wale wasomaji hodari wa siku ya wageni walikaa wamenuna kama watu walionyang'anywa mashamba. Nikaanza nao kama nilivyoanzwa na mie ngumbaru, ba be bi bo bu, kijiti mkononi, na sikuona aibu kusoma nikifuata kwa kidole mbele ya watoto. Wa kwangu alikaa mwisho kabisa wa meza na yule mwenziwe mwenye pengo. Mwanzo walifanya biashara ya siri, huyu anamnong'oneza yule ukurasa wake na yule anamnong'oneza huyu, wakidhani sisikii. Nikawahamishia kitabu kingine, ambacho hakijawahi kuwa cha mtu. Biashara ikafungwa.

Yule mgeni mwezi uliofuata hakurudi. Sikushangaa. Mwalimu mkuu naye hakuuomba ufunguo, na siku moja nilimsikia akimwambia mtu kwenye simu kwamba maktaba yetu inatumika kila siku, utaratibu tulishauandaa.

Muhula ukaisha, ukaanza mwingine. Alasiri moja nilikuwa nawasomea kwa sauti, hadithi ya fundi baiskeli na tajiri yake, na akili yangu ilikuwa nyumbani kwenye unga niliouacha unaumuka. Nikisoma na haraka zangu huwa naruka. Nilishafanya hivyo mara nyingi na watoto hawajui, fundi amefika nyumbani upesi, nami nafika nyumbani upesi.

"Bibi, umeruka mstari."

Ilitoka mwisho wa meza. Nikauliza mstari gani, nikiwa tayari kubisha. Akanyanyuka, akazunguka meza, akaja akasimama begani kwangu. Nikatazama midomo yake. Haikucheza. Hakuanza juu, hakuhesabu hatua. Alishusha kidole katikati ya ukurasa, palepale, akausoma huo mstari niliouruka, polepole, akijikwaa kwenye neno "msumeno", akarudi, akalipita. Kidole kilikuwa na mafuta ya andazi na kiliacha alama.

Nikamwambia mikono hainawiwi kwa ajili ya wageni peke yake, arudi kwenye ndoo. Alipokwenda kunawa nilirudi juu ya ukurasa, nikaanza upya, sikuruka kitu. Unga uliumuka ukamwagika.