Kigelegele cha Picha Nyeusi

Fundi wetu wa maabara hamchomi panya sindano kabla ya kupasha moto mikono yake kwa maji vuguvugu, kisha mkia wa panya, mpaka mshipa ujitokeze. Panya wote anawaita shemeji. "Shemeji, vumilia, ni kidogo tu," humnong'oneza kila mmoja, kwa sauti ambayo sisi wenzake hatujawahi kuonjeshwa. Sisi tukiacha mlango wazi hutufokea kweli kweli. Ndani ya sindano mna chembechembe ndogo mno zinazobeba dawa na mwanga hadi kwenye uvimbe wa saratani, kisha zinatakiwa ziyeyuke zenyewe mwilini. Zile za mwanzo ziliwaka vizuri, lakini ziling'ang'ania kwenye ini, na mashemeji wakafa. Wiki nzima alitembea na uso wa msiba.

Kwa hiyo uvimbe wa panya mwingine, aliyechomwa chembechembe mpya, ulipowaka kwenye skrini, sisi tukikumbatiana, yeye alibaki kitini amekunja mikono. "Kuingia si kazi," alisema. "Mimi nangoja zitoke." Kila asubuhi alimpiga picha panya yule, akijiuma midomo. Uvimbe ukasinyaa, mwanga ukafifia, hadi siku moja skrini ikawa nyeusi tii: ini safi, figo safi. Ndipo akapiga kigelegele kilichomleta mlinzi mbio kutoka getini. Mlinzi akatutazama, akaitazama skrini. "Mnashangilia nini? Mbona hapa hakuna kitu!"

"Hebu rudia, kaka yangu," fundi alimwambia, machozi yakimtiririka. "Rudia hayo hayo, shemeji asikie."