Mikeka ya Kupimia Kinamasi

Hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza mimi. Shule niliiacha darasa la nne, na leo nina boti tatu, nyumba ya ghorofa hapa kisiwani nyuma ya Mkomani, na nyati nimewahi kumfokea akageuka. Kwa hiyo wachora ramani walipokuja kupima hifadhi ya wanyama kule bara, kinamasi pamoja na msitu wake, walimtafuta nani wa kuwavusha kwa boti? Mimi.

Mkubwa wao, dada mmoja wa Nairobi, alinieleza kuwa droni ingepita juu ikipiga picha, na chini zitandazwe alama kubwa nyeupe, bila hizo picha haziungani. Alama zao zilikuwa zimekwama njiani.

"Hilo tu, dada? Niachie."

Nikaenda Kipungani kwa Bi mmoja msukaji, nikanunua mikeka kumi, nikaichora iksi kwa chokaa, nikaitandaza pembeni mwa kinamasi na kwenye nyuga za msituni. Ilipendeza hata kiboko angedhani kaalikwa maulidi.

Kesho yake asubuhi napita kukagua: hakuna mkeka hata mmoja! Nikajua ni nyani. Nikawatukana nyani wa msitu mzima, nao wakanisikiliza kwa adabu.

"Mzee," dada akaniambia, "alama zisipokuwepo mchana huu, natafuta mwenye boti mwingine."

Kazi ya msimu mzima hiyo! Nikaikimbiza boti Kipungani kununua mikeka mipya. Kufika mlangoni kwa yule Bi, naiona mikeka yangu kumi imeanikwa, yachuruzika maji.

"Bi, hii umeitoa wapi?"

"Barani, jana alasiri, tulipokwenda kukata miyaa ya kusukia. Kazi ya mikono yangu imetupwa matopeni, umande waja, mchwa waja! Na mwendawazimu kaipaka chokaa. Mkeka hukunjwa, Bwana. Au kwenu mwaulaza nje kama mbuzi?"

"Mwendawazimu ni mimi."

"Nilidhani hivyo."

"Basi nipe mikeka yangu."

"Yako ilikuwa michafu. Hii ni safi."

Nimebishana na askari, na wauza injini wa Kizingitini, wote nikawaweza. Yule Bi alinitajia bei tu, vidole vyaendelea kusuka.

Nikaipaka chokaa upya ndani ya boti. Droni ikaruka saa nane, na ramani ikatoka safi kabisa, kwa sababu yangu. Mikeka kumi, mara ya pili, pamoja na ujira wa kuifua: shilingi elfu tisa mia nne na hamsini.