Mji Ambao Jina Lake Sikulisikiliza

Usiponiamini, shauri yako. Mimi nilikuwepo, tena saa tisa mchana, na akili zangu timamu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, Guangzhou, Uchina, mtaa wa Shisanhang, tulikofuata nguo za biashara. Mvua ilitukwamisha kwenye duka la nguo la bibi mmoja wa Kichina. Mwenzangu Zuhura, anayekijua Kichina, alikuwa ndani na huyo bibi wakichambua magauni. Mimi nilikuwa mlangoni nafunga robota langu.

Akaja mzee akakaa ubavuni pangu, maji yanamchuruzika, sikio la kushoto limekatika nusu.

"Mwanangu, nimetoka mbali," akasema.

Akanieleza habari za kimji cha Australia, kando ya mto. Watu weusi wenye nchi yao walikuwa wameshafukuzwa. Yeye na Wachina wenzake walikwenda kuchimba dhahabu; ilipokwisha wakafyeka pori, wakajenga tuta la kuzuia mafuriko, wakalima mboga. Mwaka wa njaa mji mzima ulikula kabichi zao. Mji uliposimama, Wazungu wakawachomea vibanda asubuhi moja.

"Wakatukimbizia mtoni. Mimi sikuvuka."

Akautaja mji ule kwa jina, mara mbili. "Utakumbuka?"

"Nitakumbuka, babu," nikajibu, macho yangu kwenye kamba.

Nilipoinua kichwa, hayupo.

"Unaongea na nani peke yako?" Zuhura akaniuliza.

Ndipo nilipozinduka. Mzee wa Kichina, na tumezungumza Kiswahili kitupu!

Zuhura akamtafsiria bibi yote. Alipofika kwenye sikio, bibi akajishika mezani. Babu wa mama yake, aliyekwenda Australia kuchimba dhahabu, alikuwa na sikio lililokatika hivyohivyo. Aliandika barua moja, kisha kimya. Ukoo mzima ulisubiri mifupa yake irudi izikwe kwao.

"Anauliza, mji gani?" akasema Zuhura.

Nikafungua mdomo. Wallahi, sikuwa na hata herufi moja.

Bibi hakunitukana. Alinishika mkono akauliza, akauliza tena, mpaka mvua ikakatika. Kisha akaniachia, akageukia ukutani.

Sasa bibi huyo ameshakufa. Nilinunua ramani ya Australia, nikafuata mito yote kwa kidole nikisoma miji kwa sauti. Hakuna jina linalonigutua. Unadhani nimeacha kusoma?

Basi wewe, mtu akikaa karibu yako akaanza kukueleza alikoachwa, mtazame usoni. Hatarudi kukwambia mara ya pili.