Bonifasia wa Murukulazo, Aliyeutaja Ugonjwa Wake

Alizaliwa Murukulazo, wilayani Ngara, mwezi wa Aprili mwaka 1941, asubuhi ambayo ukungu ulikataa kuondoka mlimani. Wazazi wake, Wakatoliki wakulima wa migomba na maharage, walimbatiza siku hiyohiyo kwa haraka wakampa jina Bonifasia, kwa maana hawakutegemea kwamba angeliona jua la pili. Aliliona, na mengine mengi. Ila alizaliwa na pumu. Kifua chake kilipiga mluzi msimu wa mvua na msimu wa vumbi, wala hakuweza kulala chali kama watu wengine. Alilala ameketi, mgongo ukutani, na katika usingizi huo wa nusunusu aliota sana. Aliota milima ya Ngara ikipumua polepole, ikipanda na kushuka, naye akipanda na kushuka pamoja nayo bila maumivu. Siku moja alimwambia mama yake kuwa amelala mahali alipolala Mungu. Mama alimkemea kwamba Mungu halali. Mtoto akajibu, "Basi huegemea."

Hakuolewa. Mwaka 1966 akawa katekista, na kwa kuwa kila mtu aliijua pumu yake, wenye kukohoa walimfuata hata kabla ya wanafunzi. Aliwafukiza. Alichemsha majani ya mikaratusi katika sufuria kubwa, akawaketisha kuizunguka, wakajifunika blanketi moja yeye akiwa katikati yao, wakasali rozari ndani ya mvuke. Desturi ya pale ilikuwa kwamba mgonjwa hafukizwi peke yake, asije akajiona ametengwa. Pumu, mafua, homa ya mapafu, yote yaliingia chini ya blanketi lile. "Kifua ni kifua," walisema, na Bonifasia alisema hivyo pia. Waliotoka humo walisimulia kuwa sauti yake ndani ya mvuke ilikuwa kama ya mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto, na kwamba walisahau walipo. Mimi ninayeandika niliingia mara mbili nikiwa kijana, na ninakiri kuwa mara ya pili sikuwa mgonjwa kabisa.

Oktoba 1993 watu wa Burundi walivuka mpaka kwa maelfu wakikimbia mauaji, wakashuka Murusagamba na mikeka kichwani. Bonifasia aliwafuata na sufuria yake, akahamia kambi ya wakimbizi, akaishi katika hema kama wao na kuwafukiza. Humo alikuwemo mjane aitwaye Clarisse na bintiye Kanyange wa miaka kumi na minne, mtoto pekee aliyemsalia. Msichana alikuwa akikohoa tangu Krismasi, jioni akashikwa na homa, mikono ikawa myembamba kama vijiti vya maharage. Kambini kifua kikuu kiliogopwa kuliko njaa. Mwenye nacho hakuketi na wenzake, na binti mwenye nacho hakuposwa. Basi alipoulizwa, Clarisse alikuwa na jibu moja: "Ni pumu tu, kama ya mama Bonifasia. Mbona yeye anaishi?" Na wote walionyamazishwa na jibu hilo waliliazima, wakasema hivyohivyo juu ya wagonjwa wao.

Machi 1994 tabibu wa kambi, Desderius, alimwona Bonifasia gauni likimpwaya. "Shikamoo mama. Naomba makohozi yako nikayapime."

"Marahaba mwanangu. Usijisumbue, pumu yangu naijua tangu tumboni."

Alitoa makohozi kwa kumridhisha tu. Majibu yaliporudi, Desderius alikaa chini kabisa, kwenye nyasi, ndipo akasema, "Mama, pumu unayo kweli. Na kifua kikuu unacho. Ugonjwa mmoja haumfukuzi mwenzake. Wa kwanza umeuficha wa pili." Kisha akamweleza kwamba pumu haimwambukizi mtu, lakini kifua kikuu hupita katika hewa ya mtu anayekohoa karibu. Bonifasia aliuliza jambo moja: "Hata chini ya blanketi?" Tabibu akajibu, "Hata humo, mama."

Hapa wengine wangependa niseme alisimama mara moja mbele ya watu akasema. Hakusimama. Alinyamaza siku tisa, akimeza dawa kwa siri, akilia. Aliona aibu, na aliogopa wasije wakamwita muuaji. Siku ya tisa, akiwa ameegemea, aliota anatembea kambini na mahema yote yanapumua, ila hema la Clarisse limetulia. Alipiga hodi akijua hakuna wa kumwitikia. Aliamka akitokwa na jasho.

Jumapili ile, baada ya ibada uwanjani, alisimama mbali kidogo na watu akasema: "Miaka hamsini na zaidi nimeitwa mwenye pumu, na ni kweli. Sasa nina kifua kikuu pia. Sikujua, nikawafunika pamoja nami. Nisameheni. Kila aliyeingia aje apimwe, na mtu asilitumie tena jina langu kuficha mgonjwa." Wanawake waliwavuta watoto wao. Hakuna aliyekuja.

Basi kila asubuhi alipita katikati ya mahema, taratibu, mluzi wa kifua ukimtangulia, na kila aliyemsalimu alimwambia, "Naenda kumeza dawa." Walimgeuzia migongo. Siku ya kumi na moja Clarisse alikuwa amesimama njiani, Kanyange amemwegemea begani. "Shikamoo mama," alisema. "Twende wote." Baada yao walikuja arobaini na saba.

Miezi minane ilipotimia, kifua kikuu kilimtoka. Pumu ilibaki. Alihamia Nyarubungo, wilayani Biharamulo, akaendelea kufundisha, akimfukiza kila mmoja peke yake, hadi pumu ilipomchukua Agosti 1998, ameketi. Wapo wasemao kuwa alfajiri ile walilala usingizi mtamu ajabu, hata wenye kubanwa kifua, na kwamba ukungu uliopanda Nyarubungo ulikwenda kwa pumzi, ukija na kurudi. Kanisa halijatamka neno juu ya hayo, nami sitalitangulia.

Ninachojua ni nilichokiona. Kila mwaka siku ya kumbukumbu yake, kabla ya baraka ya mwisho, mwanamke mzee husimama mbele ya waamini bila kuitwa. "Naitwa Clarisse. Mwanangu alikuwa na kifua kikuu, nami nilimficha." Kisha humshika mkono mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. "Huyu hapa. Mtazameni." Na tukisha kumtazama Kanyange, yuko daima mtu mmoja kati yetu anayekohoa, anayeinuka kwenda kupimwa.