Kiti Kilichotangazwa Wazi

Cherehani ya Mama Pindo haisikiki tena mtaani kwetu. Ilikuwa ikituamsha alfajiri, nasi tukiilaani. Sasa tunaamshwa na malori ya taka.

Tulimchagua diwani kwa sababu ya ulimi wake. Kila kata hupeleka mtu mmoja tu kwenye baraza la jiji, na wa kwetu alikuwa yeye, fundi wa nguo, mjane mwenye mguu mbovu. Mguu huo ulimlaza hospitali, akakosa vikao viwili. Kanuni ni kavu: diwani akikosa vitatu mfululizo bila ruhusa, kiti chake kinatangazwa wazi. Ruhusa aliiomba, mwenyekiti akadai hakuisikia. Na kikao cha tatu ndicho cha kupiga kura kama dampo la jiji lihamie kwetu. Madiwani wengine walikuwa wamegawanyika nusu kwa nusu. Mkono wa Mama Pindo ndio ungeamua; bila huo, angeamua mwenyekiti.

Siku moja kabla ya kikao, mwanamume tusiyemjua aliingia dukani kwake, ambamo pia aliishi, akiwa na kitambaa cheusi.

"Nishonee gauni."

"La mkeo? Vipimo viko wapi?"

"Jipime wewe. Likikutosha, basi."

Akatoka bila kuuliza bei. Gari lake lilibaki mkabala na duka mpaka jua likazama.

Mdogo wake Mama Pindo, kinyozi wa mlango wa pili, alikuwa ameyasikia yote.

"Dada, umekielewa kile kitambaa?"

"Nimekielewa. Kitachuja rangi."

"Usinitanie! Kesho kaa nyumbani."

"Nikikaa, mtaa mzima mtakula nzi."

Asubuhi kinyozi alitia kufuli kwenye mlango wa dada yake, kwa nje, akaketi kizingitini, ufunguo ngumini.

"Fungua, wewe! Nikitoka nakunyoa hicho kichwa kwa kigae!"

"Ninyoe, dada. Ila uwe hai."

Tulisikia sote. Gari lilikuwa limerudi palepale, vioo juu. Mmoja wetu alitoka na nyundo, akalitazama gari, akarudi ndani. Mlango ukagongwa, ukagongwa, kisha ukanyamaza. Kinyozi alifungua baada ya redio kutangaza kwamba dampo limepita na kiti cha kata yetu ki wazi. Mama Pindo alimpita kama anayepita nguzo.

Sasa anaishi kwa binti yake, upande wa pili wa jiji, na anashona mapazia.