Firigisi, Kitambaa na Kisanduku Kilichochemka

Hadi leo nikipita mtaa wa Maringo, hapa Nairobi, navuka barabara mapema na kofia naishusha mpaka kwenye nyusi, kwa sababu kuna kina mama pale ambao wakiniona wananusa hewa, halafu wanaangaliana, halafu wanacheka, na harufu wanayoitafuta niliileta mimi mwenyewe, kwenye harusi, mbele ya mchungaji.

Niseme ukweli tangu mwanzo, mimi si fundi. Shule niliiachia darasa la saba kwa sababu nilikuwa na maswali mengi kuliko walimu walivyokuwa na subira, na tangu hapo nimeuza mikanda ya saa Muthurwa, nimebeba simenti Mukuru kwa Njenga, nimekaa Dandora miezi kadhaa nikifungua redio zilizotupwa nione ndani kuna nini. Mtu akishafungua vitu vya kutosha watu huanza kumwita fundi, na mimi sijawahi kumkatiza mtu anayeniita jina zuri.

Aliyenipandisha cheo kutoka fundi hadi injinia ni Mama Nafula. Ni mjane, mumewe alikuwa mfanyakazi wa reli, na binti yake wa pekee, Nafula, ni muuguzi Ujerumani, ambako alipata mchumba na harusi ikapangwa huko huko. Mama aliomba viza mara mbili, na mara mbili jibu likawa hapana. Koti alikuwa ameshanunua kwenye mitumba ya Gikomba, koti zito la baridi, lenye manyoya shingoni. Basi Nafula akampigia akamwambia, mama, kanisa litarusha harusi moja kwa moja mtandaoni, tafuta mtu akuunganishie kwenye televisheni, utaniona nikisema ndiyo. Mama akanitafuta mimi.

Televisheni yake ni ya zamani, haijui mtandao, kwa hiyo nikamnunulia kile kisanduku cheusi kinachochomekwa nyuma kuleta picha za intaneti, kidogo kama kipande cha sabuni. Nilikaa nacho kwangu siku tatu nikikijaribu (kujaribu maana yake nilitazama filamu mpaka macho yakawasha), na nikagundua kuwa kikifanya kazi saa moja kinapata moto kiasi kwamba asubuhi moja nilikitumia kupasha andazi. Nikakigeuza, nikaona kina matundu ya kupumulia upande wa chini. Kwa hiyo nilijua. Hapo ndipo aibu yangu ilipo, kwamba nilijua.

Sasa, nyumbani kwa Mama Nafula hakuna kitu kinachokaa uchi. Kila kitu kina kitambaa alichokifuma mwenyewe kwa mkono: makochi, redio, jagi la maji, friji (ambayo iko sebuleni, maana jikoni haingii), hata rimoti ina kifuniko chake. Kwa ajili ya harusi alikuwa amefuma seti mpya yenye rangi za harusi, maziwa na zambarau, na kisanduku kilifumiwa chake, kinene kama sweta ya mtoto.

Siku yenyewe nilifika mapema, nikaunganisha nyaya, nikakiweka kisanduku juu ya kabati mahali penye hewa, bila nguo. Wageni walianza kujaa saa saba, viti vya kanisa vikapangwa hadi barazani, na Mzee Mutiso, karani mstaafu mwenye tai ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya harusi (harusi ambayo kamati yake ilikuwa Maringo na yenyewe iko Ujerumani), akaketi mstari wa mbele akisubiri haki yake. Haki yake ilikuwa firigisi. Kwao Mama Nafula, kule Magharibi mwa Kenya, kuku akichinjwa firigisi haipewi mtu hivi hivi, hupewa mwenye heshima kuliko wote chumbani, na kila mtu hutazama sahani inasimama wapi.

Sahani ikampita mchungaji, ikampita Mzee Mutiso, ikasimama kwangu.

"Leo firigisi ni ya injinia," Mama akasema, "maana ndiye anayenipeleka Ujerumani."

"Huyu?" Mzee Mutiso akauliza. "Huyu aliyeniharibia pasi ya nguo?"

Nikaitia mdomoni haraka kabla kamati haijakaa kikao. Na wakati huo huo Mama, mikono yake ikiwa sasa haina sahani, akaona kisanduku.

"Na wewe, mbona umeachwa uchi mbele ya wageni?" akakiambia. Akakiteremsha ndani ya kabati, akakifunika kitambaa alichokikunja mara mbili, akafunga na mlango wake wa kioo. Mimi sentensi nilikuwa nayo tayari. "Mama, hapo hakitapumua." Maneno matatu tu. Lakini sentensi na firigisi haviwezi kupita mdomo mmoja, na firigisi ilikuwa imetangulia, na ningeitemaje mbele ya watu niliopewa heshima mbele yao? Nikatafuna. Nilipomeza, kitambaa kilikuwa kimeshasifiwa na kina mama sita, nikaona nitaonekana mshamba.

Saa nane picha ikaja, safi kabisa, kanisa la mawe, wazungu wamekaa wima. Mama aliketi katikati, amevaa lile koti la manyoya kwenye joto hilo la watu arobaini, mkoba magotini kama anayesubiri kuitwa apande ndege. Jasho lilimtiririka na hakuna aliyethubutu kumwambia avue. Nafula akaingia. Vigelegele vikapigwa mpaka mbwa wa jirani wakaitikia.

Halafu Nafula akakwama. Jicho moja wazi, moja limefumba, mdomo umepinda kama anayetaka kupiga chafya.

"Injinia, mbona mtoto amesimama?" Mama akauliza.

Kila mtu alikuwa na jibu isipokuwa mimi niliyekuwa nalo. Mzee Mutiso akasema ni mtandao wa Ujerumani, wale watu wanapenda kufunga vitu mapema. Mwingine akasema ni stima, umeme umepungua. Mchungaji akasimama akaombea intaneti, maombi marefu yenye mistari, na sauti ya harusi ikaendelea kidogo chini ya maombi kisha ikakatika. Mimi nikafungua kioo nikaingiza mkono chini ya kitambaa, nikautoa haraka kuliko ulivyoingia.

Mtu mwenye akili angevua kile kitambaa, akazima, akangoja dakika kumi. Lakini kiapo kilikuwa karibu, dakika kumi zingemlia Mama ndoa nzima ya binti yake, na mimi nilikuwa na firigisi ya watu tumboni. Nikageuka, nikaona friji. Iko hapo hapo kando ya kabati, waya wa picha unafika. Nikafungua friza, ndani mlikuwa na samaki sita kutoka Busia walioganda kama matofali, wa karamu ya jioni, nikakivua kisanduku kitambaa, nikakilaza juu yao.

Picha ikarudi. Nafula akamaliza kufumba jicho, akatembea. Nyumba ikapiga makofi, na Mzee Mutiso mwenyewe akasema, "Kumbe kijana ana kitu." Ningekufa dakika hiyo ningezikwa kama injinia.

Nikafunga mlango wa friza, taratibu, waya ukipita pembeni. Picha ikatoweka. (Intaneti, nilijifunza siku hiyo, haipendi kufungiwa ndani ya bati.) Nikafungua, ikarudi. Kwa hiyo nikasimama nimeshikilia mlango wazi, nikitabasamu kama askari wa benki, huku sebule ya watu arobaini ikiingiza joto lake lote mle ndani. Samaki wakaanza kulainika. Kwanza ikaja harufu. Kina mama wakaanza kunusa, mmoja akavuta mtoto akamkagua nepi. Kisha yakaja maji, tone, tone, na baadaye samaki mmoja akateleza kwa heshima zote akaanguka miguuni pa mchungaji, wakati kule Ujerumani padri anafungua kitabu.

"Injinia," Mchungaji akasema kwa upole, "huyu ni wa nini?"

Hapo hapo kisanduku kikateleza kikaingia pale alipokuwa samaki, kwenye maji. Kikalia tss, kama kitunguu kikigusa mafuta. Televisheni ikawa nyeusi.

Mama Nafula aliendelea kutazama kile kioo cheusi, mkoba magotini.

"Amesema?" akauliza. "Amesema ndiyo au bado?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Nikatia mkono mfukoni, nikatoa simu yangu, kioo kimepasuka pembe hadi pembe, nikafungua mahali pa harusi, na Nafula akaonekana, mdogo kama kidole gumba.

"Hiyo simu ilikuwa wapi siku zote?" Mzee Mutiso akauliza.

"Mfukoni, mzee."

Mama akaipokea kwa mikono miwili. Watu wakasukumana kutaka kuona, viti vikaanguka, mpaka Mzee Mutiso akasimama akanyoosha mikono kama polisi wa barabarani. "Kaeni chini nyote. Mwacheni mama aone." Wakakaa. Na kwa kuwa hakukuwa na kingine cha kutazama, watu arobaini tukatazama uso wake. Nyusi zikapanda. Midomo ikatikisika. Alikunja mikono yake kifuani na simu ikiwa ndani, kisha akaitoa tena upesi asikose kitu.

"Amesema," akatuambia. Akavua koti.

Vigelegele vya pili vilizidi vya kwanza. Samaki walipikwa saa hiyo hiyo kwa kuwa hawangengoja jioni, nikala kipande cha mkia nikiwa nimesimama jikoni, na tangu hapo Maringo naitwa Injinia wa Samaki.

Niliapa sitagusa tena chombo cha mtu kabla sijasema ninachokijua. Wiki iliyopita kiapo kilipata kazi, maana Mama Nafula aliniita, mjukuu atabatizwa huko huko Ujerumani, kisanduku kipya kimenunuliwa. Nilimkuta amekiweka juu ya kitambaa kipya, na kingine juu yake chenye tundu katikati, kubwa kama kisahani.

"Nimekifumia dirisha," akasema kwa fahari. "Hiki kitapumua." Akanikabidhi sahani, firigisi imekaa juu.

Matundu ya kisanduku yako chini. Niliitazama firigisi, nikaiweka mezani kwanza, ndipo nikafungua mdomo.