Mpiga Chapa na Kalamu ya Tete

Ofisini walimwita Cherehani, kwa jinsi taipureta ilivyolia chini ya vidole vyake. Alipiga chapa tangu usichana hadi kustaafu, kwanza kwa taipureta, baadaye kwa kompyuta, na hakuna aliyemfikia. Ila mwandiko wake mwenyewe, we acha tu! Mumewe alisema hata kuku akiparua chini anasomeka vizuri zaidi.

Mwaka aliostaafu, wifi yake alikuja kukaa nao kidogo. Huyo kazi yake ilikuwa kuandika vyeti na kadi za harusi kwa mkono. Asubuhi moja akatandaza karatasi kwenye meza ya kulia, akachonga ncha ya tete, unyasi mgumu wa mtoni, ikawa bapa kama patasi ndogo, akaichovya winoni.

Cherehani akasogea na kikombe chake cha chai. Wifi akaandika herufi a moja. Kalamu iliposhuka, mstari ukanenepa. Ilipokata kona, ukawa mwembamba kama unywele.

"Umekandamiza wapi hapo?"

"Sijakandamiza popote, wifi. Nimeilaza kalamu upande, basi. Unene unakuja wenyewe."

Cherehani akaweka kikombe chini, akachukua gazeti la mumewe na kuliinamia. Ile a ya kwenye kichwa cha habari ilikuwa na tumbo lilelile, na kona zilezile nyembamba.

"Lakini hii si ya mashine?"

"Ya mashine, ndiyo. Ila waliochonga herufi za chapa mwanzoni waliiga mkono wa waandishi. Mashine imerithi tu."

Mwili ukamsisimka. "Maisha yangu yote naigonga herufi hii," alisema taratibu, "kumbe ndani yake mna mkono wa mtu!"

Wifi akampa kalamu. Ile a yake ya kwanza ilifanana na kiazi, wakacheka mpaka mumewe akachungulia mlangoni. Nyingine zikavuja wino. Kisha moja ikasimama, nene panapostahili, nyembamba panapostahili. Hakuthubutu hata kuipulizia ikauke.

Jioni alitoka kununua sabuni, asirudi upesi. Kila kibao cha duka kilimsimamisha. Muuzaji wa dawa alimkuta amekikodolea macho kibao cha juu ya mlango wake, kidole kikichora hewani.

"Mama, unatafuta dawa gani?"

"Sitafuti kitu, mwanangu. Naangalia D yako ilivyonenepa ubavuni."

Muuzaji akatoka nje, naye akainua macho.

"Napita chini yake kila siku. Mbona sijawahi kuiona?"

"Hata mimi," alisema Cherehani. "Nimeanza leo."